Fidla ya Mzee Ihsan

Kisauni,
14 Aprili 2025

Mwalimu Kafedha,

Salamu kutoka Kisauni, kwa mtu nisiyemjua sura ila sauti ya simu tu. Uliniambia humpokei mwanafunzi mpaka akuandikie barua kwa mkono wake, akueleze sauti ya kwanza anayoikumbuka na kwa nini anataka fidla. Wallahi nilicheka. Mwalimu gani huyu, anaanza na kalamu? Lakini nimeketi tangu alasiri, na chai imeshapoa mara mbili.

Sauti yenyewe ni ya nyuzi zikilinganishwa. Babangu, Mzee Ihsan, alikuwa na duka la vitambaa, na kila Alhamisi jioni rafiki zake walikuja kwetu na ala zao, udi na dumbaki. Kabla ya kuanza, Baba alivuta uta pole pole, uzi mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Wanaume sebuleni, wanawake ndani. Mimi nilikaa nyuma ya mlango, sikio kwenye mbao.

Aliyefundishwa ni kakangu Barakat. Mimi niliambiwa fidla si ya mtoto wa kike. Baba alipofariki fidla ikaenda kwa Barakat, Likoni, na tangu siku hiyo sijaisikia ikilia. Ameifungia kama mtu afungiaye dhahabu ya mkewe.

Sasa mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wana nyumba zao, na duka nimemwachia mkwe wangu. Nataka kujifunza kabla vidole havijaniambia basi. Sharti langu ni moja: watu wetu wasijue, na zaidi Barakat. Akijua mimi nashika fidla na uzee huu, atacheka mpaka ng'ambo ya kivuko wasikie.

Ni mimi,
Zubeida binti Ihsan

Magongo,
19 Aprili 2025

Bi Zubeida, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Wewe umenieleza yako. Si haki nikunyime yangu, maana unapaswa kujua ni nani atakayekushika mkono.

Nimezaliwa Bamburi. Baba aliendesha lori la mawe, Mama alikaanga viazi karai kando ya barabara. Shule yetu ya msingi ilikuwa na fidla moja, msaada wa watu fulani, na hakuna aliyejua kuipiga. Ilikaa stoo pamoja na majembe, ikiwa imebakiwa na nyuzi mbili. Mwalimu mkuu alinikubalia niichukue saa ya chakula. Katika nyuzi hizo mbili nilitafuta kila nilichokijua: nyimbo za kanisani, mwito wa muuza samaki, hata breki za malori. Hakuna aliyeniambia nimekosea, kwa sababu hakuna aliyejua kupatia.

Nilipokua nikapata ufadhili wa kusoma Nairobi. Mwalimu wangu huko alikuwa fundi wa kweli, na hivi ninavyosimama na kushika uta ni kazi yake. Lakini kila nilipokosea alifunga kitabu, pa! Nikajifunza kuogopa kitabu kufungwa. Mitihani nilifaulu yote. Basi Desemba moja nikarudi nyumbani, Mama akasema, "Haya, nipigie kitu."

"Sikuja na vitabu, Mama."

"Vitabu vya nini? Nipigie ule ninaoimba nikikaanga viazi."

Nikaweka fidla begani. Wimbo nilioamka nao utoto wangu wote, nikaukosa. Mama akainama kugeuza viazi ambavyo havikuhitaji kugeuzwa, ili asinione ninavyoona haya.

Siku hiyo ndiyo niliyoanza kuwa mwalimu, ingawa mwanafunzi wangu wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Nilichukua muda mrefu kuurudisha ule wimbo.

Kwa hivyo kwangu mambo ni hivi. Karatasi siidharau, nitakufundisha kuisoma. Lakini hakuna mama anayemkataza mwanawe kusema "maji" mpaka ajue kuyaandika. Sikio kwanza. Tutaimba kabla ya kupiga. Kosa tutalipiga kwa nguvu tulisikie vizuri, maana kosa la kunong'ona halirekebishiki. Simpigi mtu, simlinganishi mtu na mwenzake, na akichoka tunakunywa chai. Na barua ni lazima, kwa sababu anayeweza kuandika alichosikia ameanza kusikiliza.

Siri yako ninaitunza. Nitakuazima fidla. Njoo Jumamosi.

Wako,
Kafedha

Kisauni,
12 Mei 2025

Mwalimu wangu,

Umesema niandike ninachosikia. Nasikia paka wawili wakigombania kichwa cha samaki, na wote wawili ni mimi.

Nafanyia mazoezi katika chumba cha stoo, madirisha yamefungwa, joto lataka kuniua. Jana jirani yangu Jalila alibisha hodi na chupa ya mafuta ya cherehani. "Bi Zubeida," akasema, "pole, nasikia mlango wako wa ndani una kutu. Tia haya kwenye bawaba." Nikamshukuru. Ningesema nini? Leo asubuhi akauliza kama yamesaidia. Nikamwambia kidogo.

Lakini sikiliza. Jumatano nilikuwa nikivuta ule uzi mnene, nikikumbuka ulivyosema nisiubane uta bali niuache uegemee, na ghafla chumba kizima kikaitika. Magunia, ndoo, hata mifupa ya kifua changu. Muda mfupi tu. Nikabaki nimesimama kinywa wazi. Mwalimu, ilikuwa sauti ya Baba! Si ufundi wake, siuthubutu huo, ila sauti.

Nilitaka kumpigia simu Barakat palepale. Nikakumbuka ni siri.

Mwanafunzi wako mkongwe,
Zubeida

Timbwani, Likoni,
27 Mei 2025

Kwa Mwalimu wa Fidla,
Magongo.

KUH: FIDLA YA MAREHEMU BABA YANGU

Mwalimu, kwanza pokea salamu na heshima zangu. Jina langu ni Barakat Ihsan, karani mstaafu wa bandarini. Nimepata anwani yako kwa mwalimu mmoja wa shule hapa Likoni, naye akanionya kwamba wewe hutaka barua. Hilo limenifurahisha. Mimi ni mtu wa karatasi.

Nina fidla aliyoniachia marehemu baba. Ni nzima, sanduku lake ni zima, mchwa hawajaigusa. Mimi siipigi. Mwanangu anahamia kwangu na familia yake na chumba kinahitajika. Hoteli moja ya Bamburi imeniomba iitundike ukutani pale wageni wanapopokelewa, kati ya ngao na sinia za shaba. Watu wao watakuja kuichukua mwisho wa mwezi wa Juni.

Nimekubali, ila moyo haujatulia. Nakuomba ushauri wa kitaalamu: je, fidla ikitundikwa ukutani inaharibika?

Wako mwaminifu,
Barakat Ihsan

Magongo,
30 Mei 2025

Mzee Barakat, shikamoo.

Swali lako lina jibu fupi. Ukutani mbao zitakauka, gundi itaachia, na siku moja itapasuka wageni wakiwa wanakunywa maji ya madafu. Lakini nadhani hukuandika ukurasa mzima, kwa hati nzuri namna hiyo, kwa sababu ya gundi.

Wanaotaka kujifunza kwangu huwa nawauliza sauti ya kwanza wanayoikumbuka. Wewe hutaki kujifunza, najua. Hata hivyo nakuuliza: fidla hiyo ilikufanya nini? Ukiniandikia ukweli, nami nitakushauri kwa ukweli.

Nakusihi jambo moja tu, usiitoe kabla hatujamaliza kuandikiana.

Kafedha

Timbwani,
9 Juni 2025

Mwalimu,

Una maswali ya daktari wa meno. Haya, nafungua kinywa.

Baba alianza kunifundisha nikiwa mdogo, magoti hayajafika kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa mtu mwema, swala tano, mkono wazi kwa maskini. Lakini akishika fidla kunifundisha aligeuka. Nikikosa, uta uliniangukia vidoleni, upande wa mti. Alisema muziki hauingii kwa mtoto ila kwa kuchapwa, ndivyo yeye alivyoingizwa. Mimi haukuniingia, Mwalimu. Ulinitoka hata ule niliozaliwa nao. Baada ya maziko yake nililifungua sanduku, nikanusa harufu ya mbao, vidole vikakunjika vyenyewe. Nikalifunga. Watu hudhani naificha kwa majivuno.

Nina dada mmoja, Zubeida, yuko Kisauni. Yeye Mungu alimnusuru, hakufundishwa. Kila nilipofundishwa nilimwona kwenye ufa wa mlango akifuta macho. Naamini aliichukia fidla ile kuliko mimi, kwa hivyo sijamtajia habari ya hoteli, nisimtoneshe kidonda.

Juzi, Idd, nilikwenda kumwamkia. Nilimwona na alama nyekundu chini ya taya, upande wa kushoto. Nikamwambia aende hospitali aitazamishe. Akasema ni mbu. Mbu gani, wa kila siku mahali pamoja? Akanifukuza jikoni na mwiko.

Nimekwambia yote. Sasa nishauri.

Barakat

Magongo,
12 Juni 2025

Bi Zubeida, shikamoo.

Leo sikuandikii habari za uta. Nakuomba umwambie kakako kwamba unajifunza fidla. Usingoje, mwambie kabla mwezi huu haujaisha. Siwezi kueleza sababu, kwa kuwa mtu mwingine naye ameniamini kama ulivyoniamini wewe. Najua unaogopa kuchekwa. Nakuahidi hakuna atakayecheka.

Kafedha

Kisauni,
14 Juni 2025

Mwalimu Kafedha,

Nimeelewa, usijisumbue kueleza. Barakat amefika kwako. Si alikuja hapa Idd akanikodolea macho shingoni! Amepeleleza mpaka amekupata, na sasa mwaniwekea mtego wa huruma ili nijitangaze mwenyewe, yeye akae mbele aone kichekesho.

Nilikupa siri moja tu.

Fidla yako nimeifuta vumbi, nimeifunga vizuri, nimempa mwenye teksi ailete pamoja na barua hii. Sina ubaya nawe. Nilikuwa nyuma ya mlango, nitarudi nyuma ya mlango. Napajua.

Zubeida

Magongo,
16 Juni 2025

Mzee Barakat,

Umeniomba ushauri nami nimechelewa kwa sababu nilitaka mtu mwingine aseme kwanza. Amekataa, na amenikasirikia. Kwa hivyo sitoi ushauri, nauliza swali: umewahi kumuuliza dadako kwa nini alikuwa akilia?

Usikisie, Mzee. Muulize.

Kafedha

Timbwani,
20 Juni 2025

Dadangu Zubeida,

Usishtuke kupata barua yangu nasi twaonana kila Idd. Kuna maneno ambayo mdomo wangu hauyawezi. Nilitaka kuja, nikafika kwenye kivuko, nikageuka na kununua mahamri nikarudi nyumbani.

Nataka kuitoa fidla ya Baba. Kuna hoteli inaitaka. Kabla sijaitoa, nimeulizwa swali na mtu mwenye akili, nami nakuletea wewe. Baba aliponifundisha, ulikuwa ukilia kwenye ufa wa mlango. Kwa nini?

Mimi siku zote nilidhani unalia kwa zile fimbo za vidoleni. Nikasema moyoni, angalau yuko mmoja anayenihurumia. Na nikakuonea wivu pia, nisikufiche. Wewe ulikuwa huru kucheza uani, mimi nimefungiwa na mti ule.

Nijibu kwa haki.

Kakako,
Barakat

Kisauni,
22 Juni 2025

Kaka Barakat,

Fimbo gani?

Nimeisoma barua yako nikairudia. Ule ufa ulikuwa mwembamba, kaka. Nilikuwa naona bega la Baba, na shingo ya fidla, na uta ukipanda na kushuka. Vidole vyako sikuviona. Sikujua. Wallahi sikujua. Wewe ulikuwa hulii, na nje dumbaki za watoto wa jirani zilifunika kila sauti, na mimi nilikuwa na akili ya mtoto. Pole, kakangu. Pole kwa miaka yote hiyo.

Nilikuwa nikilia kwa sababu nilitaka niwe mimi. Basi, hiyo ndiyo sababu. Nilidhani umekalia kiti changu nawe hata hukitaki, na Baba alipokufa ukaifungia ili mtu asiiguse.

Na ile alama shingoni si mbu. Tangu Aprili najifunza fidla Magongo kwa Mwalimu Kafedha. Najifungia stoo na magunia ya mchele, jirani ananiletea mafuta ya bawaba. Haya, cheka.

Ukishamaliza kucheka, nisikilize: fidla ya Baba ikienda hotelini, mimi nitabeba godoro langu nikalale chini yake hapo kwenye mapokezi, wazungu wanipige picha. Wallahi unanijua.

Zubeida

Kisauni,
30 Juni 2025

Mwalimu wangu Kafedha,

Kwanza niombe radhi. Nilidhani unaniwekea mtego, nawe ulikuwa ukishika siri mbili kwa mikono miwili, huku na huku, bila kumwaga hata tone. Barakat amenionyesha barua zako. Nimeona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nisamehe.

Sasa nikupe habari. Jumamosi baada ya adhuhuri nasikia hodi. Ni Barakat, kanzu imemlowa jasho, sanduku amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi sina ubavu."

Nikafungua. Nyuzi zilikuwa zimelegea zote. Nikaanza kuzikaza ulivyonifundisha, nikavuta uta, na kabla sijasema kitu Barakat akaguna kutoka kule mlangoni, "Panda kidogo." Nikapanda. "Umezidisha. Shuka. Hapo!" Mwalimu, alikuwa amegeukia ukuta, hataki hata kuitazama, lakini sikio lake halikukosea hata mara moja! Nikamwambia, wewe si ulisema muziki ulikutoka? Akasema, "Nilidhani."

Kisha akasema nimpigie kitu.

Kuna wimbo mmoja sijawahi kukuambia. Baba aliupiga peke yake wageni wakishaondoka, pole pole, bila mtu kuimba. Mimi nilikuwa nikiusikiliza nikiwa kitandani. Nimeuvumisha puani maisha yangu yote. Niliuvumisha kwenye msiba wa Mama, na siku ya kuzikwa mume wangu niliuvumisha moyoni. Niliamini ni wimbo wa mtu anayemuaga mpenziwe milele. Nilikuwa nikiutafuta kimya kimya huko stoo, na sehemu kubwa nimeipata.

Basi nikaupiga, kwa huzuni zote nilizo nazo, makosa yakiwa kwa sauti kubwa kama unavyotaka. Nilipofumbua macho, Barakat alikuwa amegeuka. Uso umemwiva, mabega yanamtikisika. Nikajua analia. Nikaweka fidla chini nimfuate.

Hakuwa analia.

"Zubeida," akasema, na pumzi zinamkata, "unajua maneno yake?"

"Una maneno?"

"Baba alinifundisha maneno kabla ya vidole. Ndiyo sehemu pekee ya somo niliyoipenda." Akapiga kofi juu ya meza kutafuta mwendo, mbio mbio, na hicho kizee chenye kisukari kikaimba:

*Mbuzi wa jirani yetu*
*kala kiatu cha bwana,*
*harusi ya watu wetu*
*yangoja tangu mchana.*

*Bwana yuwa pekupeku,*
*bibi yuwacheka ndani,*
*mbuzi katoroka huku*
*na kamba yake shingoni.*

Mwalimu! Nimewazika watu wangu kwa wimbo wa mbuzi!

Nilikaa sakafuni. Tulicheka mpaka Jalila akaja kugonga, akidhani kuna aliyefariki. Tukamkaribisha, nikamwonyesha bawaba zangu zilivyo, naye akacheka zaidi yetu. Barakat akaimba tena toka mwanzo, mimi nikimfukuza nyuma na fidla, simpati, ananisubiri, namkuta, ananikimbia tena.

Alipotulia nikamuuliza, "Na Baba, akikufundisha wimbo huo alikuwaje?" Akafikiri. "Alikuwa akicheka," akasema. "Hapo kwa mbuzi alikuwa akishindwa kujizuia." Akavitazama vidole vyake, akavinyoosha, akavikunja. "Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akicheka."

Hoteli ameiandikia barua, tena yenye KUH, kwamba fidla imepata kazi nyingine. Itakaa kwa nani? Kwangu. Madirisha yako wazi.

Kwa hivyo nakurudia, mwalimu, kama utanipokea. Mazoezi yangu nimeyaanza upya. Naujua wimbo huu kwa msiba tu. Nifundishe kuupiga kwa harusi.

Mwanafunzi wako,
Zubeida binti Ihsan

Mwalimu, nimeomba nafasi hii chini niongeze kwa mkono wangu. Dadangu anachelewa mno pale mbuzi anapotoroka. Mbuzi gani huyo, anatembea? Nimemwambia hasikii. Jumamosi nitakuja naye Magongo, tulirekebishe jambo hili mbele yako. Mimi sipigi, nakuja kusimamia tu. Ila kama una fidla nyingine ya kuazima, nitakuonyesha kwa mkono ninachomaanisha. — Barakat